Daktari Aliyeuliza Habari za Masika

Bwera, alasiri, kabla hujarudi kutoka Kasese

Biira wangu,

Umeenda mjini kuchukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mimi nimefunga kibanda mapema, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya siku ya soko. Jirani yangu anayeuza mawese ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nakwenda kumwandikia Biira barua. Akacheka sana. "Barua ya nini, na mutoto ungali naye mu nyumba?" Nikamwacha acheke.

Sitakuandikia habari za sweta, wala mahali pa kuficha pesa safarini, wala vyakula vya kuogopa. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi umeanza kunimalizia sentensi. Kuna jambo moja sijakuambia, na ukifika kule India utaulizwa habari zake siku ya kwanza au ya pili. Nataka ulisikie kwangu. Lakini siwezi kulifikia bila kupitia jingine ambalo ndilo lililolizaa, kwa hiyo acha nianze na hilo hilo. Nina wivu. Namwonea wivu Daktari Nalini. Nimemwonea kwa miaka kumi, na sasa unapokwenda kusoma uuguzi wa moyo katika hospitali anayofundisha, wivu wenyewe umenifika kooni. Leo asubuhi nilipokuona ukikunja kile kitenge ulichomnunulia, nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku. Hatuna kuku tangu Pasaka. Labda uligundua ukaamua kunistahi.

Mimi nayajua maisha ya mwanamke yule kuliko ninavyoyajua ya bibi yangu mzaa mama. Umenihadithia wewe, tangu ukiwa na miaka tisa, wakati tunasonga ugali wetu wa obundu, wakati tunachambua maharage, hata kanisani kabla padri hajaingia. Najua kwamba katika ujana wake mwanamke akisomea udaktari alitarajiwa azalishe wanawake wenzake, basi. Yeye akasema anataka moyo. Najua profesa wake alimsimamisha nyuma ya wanaume wote, na zamu yake ya kumsikiliza mgonjwa ilipofika, wengine walikuwa wameshaanza kuondoka. Hivyo akajizoeza kusikiliza akiwa amefumba macho, apate mengi kwa muda mfupi. Najua kliniki yake ya kwanza ilikuwa stoo ya mashuka. Najua alipakia mashine ya kupimia moyo kwenye treni, akashuka nayo vijijini, akawafundisha wakunga na walimu wa shule kwamba mtoto anayeumwa koo asipuuzwe, kwa sababu koo hilo linaweza kugeuka homa ya viungo, na homa hiyo ikaharibu vile vilango vya moyo. Wakubwa walimwambia hiyo si kazi ya bingwa, akaenda hivyo hivyo, na sari yake na raba miguuni. Hajaolewa. Hajazaa. Hilo la mwisho nililishika sana, nikawa nalirudia moyoni kila unapomsifu: hajazaa, anajua nini?

Unakumbuka siku aliyokuona. Wewe unaikumbuka kwa upande wako, sasa nikupe upande wangu.

Mwaka ule uliumwa koo, nikakupa maji ya chumvi ukasukutua. Likapona. Baadaye goti likavimba, likaacha, kifundo cha mguu kikavimba, kikaacha, kiwiko. Nilisema unakua. Tukipanda Kyondo kwa baba yako kuvuna kahawa ulikuwa unakaa chini kila baada ya hatua chache, na mimi nilikuita mvivu mbele ya kaka zako. Ni mwalimu wako aliyekuandika kwenye orodha ya watoto wanaochoka haraka, wakapimwe na madaktari wageni waliokuja Kilembe kwa siku tatu. Nilikwenda nikinung'unika, maana nilikuwa nimeacha mzigo wa makayabu, samaki wangu wa chumvi, kwa mtu nisiyemwamini.

Kulikuwa na foleni hadi karibu na mto. Zamu yetu ilipofika nikamwona bibi kizee mdogo wa mwili, raba nyeupe, karanga mfukoni. Nilidhani ni msaidizi. Akakuweka juu ya benchi, akaweka kile kipimo kifuani pako, kisha mgongoni, kisha ubavuni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Halafu akavua vile vya masikioni akakuvalisha wewe, usikie moyo wako mwenyewe. Nawe, uliyekuwa hucheki tangu Krismasi, ukacheka kwa sauti, ukamtazama. Mwanangu, hujawahi kunitazama mimi hivyo. Sikutaka kushukuru. Nilitaka kukuchukua niondoke.

Sista Rose ndiye aliyekuwa akitafsiri. Wakati ule alikuwa bado hajahamia kituo chetu cha afya hapa Bwera, hatujuani. Akaniambia moyo wako una mlango usiofunga vizuri, kwamba umewahiwa, na kwamba utapigwa sindano kila wiki nne kwa miaka mingi ili homa ile isirudi. Wewe ulikuwa umeshapelekwa kupimwa uzito. Ndipo daktari akasoma jina lako kwenye karatasi, akauliza maana yake.

"Ni mutoto musichana wa pili," nikamwambia Sista. "Sisi tunapana majina kwa kufuatana. Wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira."

Sista akatafsiri. Daktari akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Kisha kalamu ikasimama, akaniuliza kitu kwa upole, na Sista akanigeukia.

"Anauliza, basi Masika iko wapi? Anataka naye amusikilize. Anasema hii ugonjwa inapenda watoto wa nyumba moja. Miguu yake haivimbi? Anaweza kulala, ama analala amekaa?"

Biira, nilishika ukingo wa benchi nisimtazame. Kwa sababu Masika alilala amekaa. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kukumbuka. Dada yako alimaliza miezi yake ya mwisho ameegemea ukuta, miguu imevimba, tumbo limevimba, na ukimvua gauni ulikuwa unauona moyo ukipiga katikati ya mbavu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Yule mgeni hakuwahi kuingia nyumbani kwetu, na alimweleza kama aliyekuwa amekaa naye kitandani.

Unajua tulivyokuambia: kwamba Masika alilishwa kitu. Unajua na tuliyemtaja. Shangazi yako Mbambu, dada wa baba yako, alikuwa amempa uji siku moja kabla uvimbe haujaonekana. Ni mimi niliyelisema neno hilo. Si baba yako, si ukoo. Nililisema msibani, mbele ya watu, na nilimzuia asitie udongo kaburini. Tangu siku ile, msiba ukitokea kule Kyondo na wanawake wakaleta vyakula, sufuria ya Mbambu hurudi kwake kama ilivyokuja. Hakuna anayemtukana. Hawali tu. Mwishowe akaacha kuleta. Wewe umekua ukipita mbele ya nyumba yake bila kumsalimia, kwa sababu nilikufundisha hivyo, na ulikuwa mtoto mtiifu.

Pale Kilembe nikajua kwamba Mbambu hakufanya kitu. Nilijua kwa dakika moja. Na nikajua zaidi ya hapo: kwamba Masika naye aliumwa koo, na magoti, na kwamba kipindi kile chote sikumpeleka hospitali, nilimpeleka kwa waganga wawili na kwenye maombi, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Sista alikuwa ananisubiri. Nikajibu, "Masika alishaolewa. Iko Butembo. Iko muzima."

Umeelewa? Nilimwozesha marehemu. Aliyekufa na miaka kumi na mmoja, mimi nikampa mume na nyumba kule kwetu nilikozaliwa. Daktari akaandika. Akasema afikishiwe salamu, naye akipata nafasi aje asikilizwe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Aibu, ndiyo. Lakini nikikuambia ni aibu peke yake nitakuwa nadanganya tena. Ulikuwa umemchekea kwa furaha kwenye lile benchi. Dakika chache tu alikuwa nawe, na tayari alikuwa amesikia ndani yako kitu ambacho mimi niliyekubeba sikukisikia. Roho iliniuma. Nikasema moyoni, huyu ameshamchukua aliye hai, na marehemu simpi.

Kisha zikaja sindano. Hapa niache nijisifu kidogo. Kila wiki nne, miaka kumi. Dawa ile ni nzito, inaingia kama uji ndani ya paja, na wewe ulikuwa unapiga kelele hadi watu wanaogopa kuleta watoto wao. Ni nani aliyekushika miguu? Mto Nyamwamba ulipofurika na dawa ikawa imebaki Kasese, ni nani aliyeteremka kwenye pikipiki ya boda akavuka maji kwa miguu, viatu kichwani? Mpaka wa Mpondwe ulipofungwa na biashara ikafa, tuliuza redio, sindano hatukukosa. Halafu jioni unakaa mezani, paja limevimba, unaandika, "Mpendwa Daktari Nalini, asante kwa kuokoa maisha yangu." Nilikuwa nakuletea chai na nasoma juu ya bega lako. Sikujua Kiingereza kingi, lakini jina lake nililijua, na nililitafuta langu nisilione.

Na ukweli ni kwamba, nisingekuwa na wivu labda ningekosa sindano moja au mbili. Nilikuwa nashindana. Nilitaka siku moja aje aone kwamba hakuna iliyokosekana. Usifikiri kila kilichokutunza kilikuwa upendo mtupu.

Wewe ulipokwenda shule ya bweni, salamu zake zilikuwa zinapitia simu ya Sista Rose. Ninyi wawili mlikuwa mnaandikiana masomo. Mimi alikuwa ananiuliza ya nyumbani, mara moja kwa mwaka, na kila mara: Masika hajambo? Nikasema hajambo. Mwaka uliofuata nikampa mtoto wa kiume. Mwaka mwingine nikampa wa kike. Sista alikuwa anatafsiri na kunipongeza kwa wajukuu. Nilikuwa nikitoka pale nalia njiani hadi darajani Mpondwe, si kwa sababu ya uongo, ila kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwaona hao watoto. Yule mvulana nilijua hadi meno yake yalivyokaa.

Kuna siku moja nilikaribia kusema. Ulikuwa likizo, tunamenya muhogo, ukanihadithia habari za yule mtoto ambaye Daktari Nalini alimsikiliza alipokuwa bado mwanafunzi. Alimwambia mama yake, mpeleke nyumbani, hana kitu. Wiki tatu baadaye mtoto amekufa. Ukasema kila mwaka, wanafunzi wapya wanapoingia, anawaeleza kisa hicho yeye mwenyewe, anataja jina la mtoto na kosa lake. Ukaniuliza, "Mama, mutu anaweza kusema vile mbele ya watu, na asife na haya?" Nikainuka kwenda kutazama moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Pale nilimchukia kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa ameweza.

Juzi Sista Rose alikuja kibandani akiwa anatabasamu. Daktari amempigia. Anatayarisha faili lako, na anataka watoto wa Masika wapimwe, kuna rafiki yake anayekwenda Butembo. Akasema nisihangaike kutafuta namba ya simu, Biira akifika atamweleza habari zote za dada yake.

Nikamuuzia Sista samaki, nikamwongeza na mmoja. Kisha nikakaa. Mawazoni nilikuona umesimama mbele ya yule mama, na yeye anakuuliza habari za Masika kwa uso wake ule wa upole, na wewe unamjibu kwamba Masika alikufa, na kwamba tulimlaumu shangazi. Nikamwona anavyokutazama. Nikaona jinsi mtakavyonielewa, ninyi wawili, bila mimi kuwepo. Hilo ndilo lililonishinda. Kama wivu ulinifunga mdomo miaka kumi, basi ni wivu huo huo ulioufungua. Sitaki ujue habari zangu kutoka kwake.

Jana nilikwenda kituo cha afya nikamwomba Sista ampigie. Nikamwambia Sista kwanza. Akasema, "Mama Biira, na wale wajukuu?" Nikamwambia hakuna wajukuu. Akapiga.

Nilisema yote. Sista akawa anatafsiri huku anafuta macho kwa mkono wa gauni lake la kazi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba nilichelewa, kwamba ningemleta. Kumbe akauliza, "Masika alikuwa mtoto wa namna gani?"

Biira, miaka kumi na sita hakuna mtu aliyeniuliza hilo. Waliuliza nani alimlisha, lini, uji wa nini. Nikamwambia alikuwa anapenda kupanga vitu kwa ukubwa, viazi, mawe, ndugu zake. Nikamwambia alikuwa anakubeba mgongoni hata alipokuwa ameshaanza kukosa pumzi, na nikimkataza anasema wewe ni mwepesi. Nikamwambia alikuwa na sauti nene kama ya mwanamume na aliionea aibu. Nilizungumza mpaka salio la Sista likaisha, akaomba la mwenzake, nikaendelea. Sikumaliza.

Sasa anawajua binti zangu wote wawili. Usifikiri wivu umekwisha. Nilipotoka pale nilihisi nimenyang'anywa na nimepona kwa wakati mmoja, na mpaka sasa sijui ni kipi kikubwa zaidi.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekinunua ghali. Utakuwa muuguzi. Watakuja mama wenye mtoto mgonjwa mkononi, na wengine watakuwa na mwingine ardhini. Usimwambie mama kama huyo kwamba alichelewa. Anajua. Muulize yule mwingine alikuwa mtoto wa namna gani, kisha vuta kiti. Na akikudanganya, mpe siku, lakini usimpe miaka kumi kama Sista alivyonipa mimi bila kujua.

Nilifikiria kukupa barua hii kesho Kasese, uisome basi likishaondoka, nisiuone uso wako. Huo ni ujanja na nimeuchoka. Nitakupa leo ukiingia, nami nitakaa hapo hapo mpaka umalize. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kulala kwa rafiki yako, nitakusindikiza na sanduku.

Kwa baba yako nimesema leo alfajiri kwa simu. Alisema tu, "Nilikuwa nazani vile." Miaka yote hiyo amekuwa akimpelekea dada yake sukari kwa siri, na mimi nikijifanya sioni.

Kwa Mbambu sijakwenda. Kumwambia daktari aliye ng'ambo ya bahari kumeniwia rahisi kuliko kupanda kilima kimoja. Nitapanda kesho, ukishaondoka. Nitasema nyumbani kwake, halafu Jumapili nitasema mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipoliua jina lake. Sijui atanijibu nini. Ana haki ya kunifungia mlango, na akifunga nitasema nikiwa nje.

Lakini mimi najijua, Biira. Nikifika njia panda nitakumbuka kibanda, nitakumbuka mvua, nitasema wiki ijayo. Kwa hiyo nisaidie. Ukifika India, kabla hujaonana na Daktari Nalini, nipigie simu. Usinisalimie. Usiniulize nimelalaje wala soko likoje. Niulize kama nilikwenda kwa shangazi. Nikianza kukueleza habari za mvua, kata simu, umwendee huyo mwingine akulee, maana atakuwa amestahili kuliko mimi.

Ni mimi niliyekushika miguu,
Mama yako